Mashuka ya Mama, moshi wa nani?

Mama yangu anafulia watu. Usinione naitwa mwalimu ukadhani karo yangu ilitoka kwa shamba la chai, ilitoka kwa sabuni ya kipande na karai mbili, na mpaka leo amekataa kuacha. Sai anafulia gesti moja hapa Kisumu, mashuka meupe, anaanika nyuma ya nyumba Mamboleo kwa kamba nne alizofunga kutoka mwembe mpaka ukuta wa jirani. Na mashuka meupe yana adui mmoja huku kwetu ambaye hata mtoto wa nasari anamjua, masizi. Unaanika saa tatu, unaingia ndani kugeuza omena, ukitoka unakuta vitu vyeusi vimelala juu ya shuka, vyembamba na virefu, vyepesi ajabu, na usijaribu kuvipangusa kwa sababu ukivigusa tu vinasagika na hapo umeshachora mstari ambao hakuna dawa ya madoa itautoa.

Hayo ya masizi tumeyazoea. Lakini mwaka jana mwezi wa saba yule mtu wa gesti alirudisha mzigo mzima, na hakukuwa na doa hata moja. Alisema yananuka moshi. Mama akanusa moja moja, akanyamaza, halafu akanigeukia: "Wewe si unafundisha watoto wa watu mambo ya upepo? Basi niambie huu moshi unatoka wapi."

Jibu nilikuwa nalo tayari, kama kila mtu hapa. Miwa. Kibos, Miwani, Chemelil, Muhoroni, ule ukanda wote uko mashariki yetu, na shamba likichomwa ili majani yaungue wakataji wapate kazi rahisi, au likichomwa na mtu mwenye chuki zake, moto unapanda kwa dakika chache hadi unaona wingu zima limesimama. Kwa hivyo mimi sikuenda kutafuta ukweli, niseme tu wazi, nilienda kutafuta ushahidi wa kitu nilichokuwa nimeshaamua.

Nilikuwa nimesikia kwamba wanasayansi wana njia ya kurudisha hewa nyuma. Yaani unachukua mahali, tuseme kwa Mama, unachukua saa fulani, halafu unauliza: hewa iliyokuwa hapa saa hiyo, saa moja kabla ilikuwa wapi? Na saa moja kabla ya hapo? Kompyuta inasoma data ya upepo wa dunia nzima iliyohifadhiwa, inapiga hatua kinyumenyume saa baada ya saa, mwisho inakuchorea mstari kwenye ramani. Wanaita trajektori ya kurudi nyuma. Programu inayotumika sana inaitwa HYSPLIT, ni ya maabara ya hewa ya NOAA, shirika la serikali la bahari na hali ya hewa huko Marekani, na uzuri wake ni kwamba haihitaji uwe profesa, unaingia kwenye tovuti yao bure, unajaza fomu, unasubiri kidogo, picha inakuja. Mimi niliiendesha kwa simu, na bando ya mkopo.

Sasa fomu yenyewe. Kwanza wanataka saa za UTC, zile za pamoja za dunia nzima, ambazo ziko nyuma yetu kwa masaa matatu. Mimi nilitaka saa tisa alasiri, wakati ule Mama anasema harufu inaanza, nikaandika 9, bure kabisa, kwa sababu saa tisa ya UTC ni saa sita yetu ya mchana. Nikajisahihisha nikaandika 15 kama kwenye saa ya simu, hiyo nayo ikawa saa kumi na mbili jioni. Kumbe ilitakiwa 12. Baadaye niligundua ujanja, ile saa ya mchana tunayoitaja kwa mdomo ukiijumlisha tatu unapata ya UTC, saa mbili asubuhi ni 5, saa tisa ni 12. Huo ujanja hauko kwenye maelekezo yao yoyote, chukueni bure. Kisha kuna latitudo. Kisumu iko kusini ya ikweta kidogo sana, sufuri nukta sufuri tisa, na ukisahau kuweka alama ya kutoa mbele yake hakuna mtu atakushtua, programu inakupeleka tu upande wa pili wa ikweta, Vihiga huko kwa mawe makubwa ya Wamaragoli, na unachora trajektori nzuri sana ya nyumba ya watu wengine. Nilikaa Vihiga siku mbili bila kujua.

Nilipopata mstari wa kweli, wa masaa 72, nilifurahi hadi nikampigia Mama simu. Nyota imekaa Kisumu, mstari mwekundu unatoka pale unaelekea mashariki kidogo, unapita juu ya ukanda wa miwa, unapanda upande wa Kericho, unashuka kusini mashariki kuingia Tanzania na kuishia Bahari ya Hindi. Umepita juu ya miwa! Nikasema kesi imekwisha.

Jirani yangu ambaye ni fundi wa redio, mtu wa maneno machache, akaangalia akaniuliza swali moja tu. Siku ambayo mashuka hayakunuka, mstari ulipita wapi?

Nikarudi kwa simu. Nikachagua siku ambazo Mama alikumbuka zilikuwa safi, juzi yake, Jumapili ile ya harambee, siku ya mvua. Mistari karibu yote ilipita palepale. Na ukifikiria ilikuwa lazima ipite, kwa sababu mwezi wa saba upepo mkubwa wa huku unavuma kutoka kusini mashariki, na mashariki yetu kuna nini? Kuna miwa. Iungue isiungue, mstari utapita juu ya miwa. Ni kama useme mwizi lazima alipitia Kondele kwa sababu matatu aliyopanda ilipitia Kondele. Bwana, hata askofu akitoka Kakamega kuja mjini anapitia Kondele.

Hapo ndipo nikaanza kuelewa kwa nini watu wanaofanya kazi hii hawaamini mstari mmoja. Tangu miaka ya 1980 kuna mbinu ya kuhesabu, waliitumia kutafuta salfa iliyokuwa inachafua hewa ya Grand Canyon huko Marekani. Unachora mamia ya mistari, za siku chafu na za siku safi pia, unagawanya ramani kwa viboksi, halafu kila kiboksi unakiuliza: kati ya mistari yote iliyopita kwako, mingapi ilikuwa ya siku chafu? Kiboksi kinachopitiwa na kila mtu, siku mbaya na siku nzuri, hakina hatia ya peke yake. Kile kinachopitiwa karibu siku mbaya tu ndicho cha kukiangalia vizuri. Na matatu tena, hii mifano ya matatu mtanisamehe lakini ndio iliniingia, kupita stage si kubeba abiria. Chini ya ramani ya HYSPLIT kuna mchoro mwingine mdogo wa urefu kutoka ardhini ambao watu wanauruka. Mstari ukipita juu ya shamba linalowaka lakini uko kilomita tatu angani, hiyo hewa imepita kama ndege, haijachukua kitu.

Kwa njia za aina hii watu wamekamata vitu vikubwa. Kuna gesi inaitwa CFC-11, ile ya kuharibu ozoni, ilipaswa kuwa haitengenezwi tena duniani kuanzia 2010. Mwaka 2018 wanasayansi wakasema mbona haipungui inavyotakiwa. Kuna vituo viwili vya kupima hewa, kimoja Gosan huko Korea Kusini na kingine Hateruma, kisiwa cha Japani, na upepo ukitoka upande fulani vipimo vinaruka juu, ukitoka kwingine vinashuka. Wakarudisha hewa nyuma mara nyingi nyingi, na mwaka 2019 wakachapisha kwamba sehemu kubwa ya ongezeko inatoka mashariki ya China.

Hadithi nyingine ninayopenda kuwaambia wanafunzi wangu wa fomu tuu ni ya Forsmark. Jumatatu tarehe 28 Aprili 1986, kituo cha nyuklia huko Uswidi, mfanyakazi anapita kwa mashine ya ukaguzi na viatu vyake vinapiga king'ora. Wakafikiria ni kwao kumevuja, wakatoa wafanyakazi nje, wakatafuta uvujaji hawaupati. Halafu vituo vingine vya Uswidi vinaanza kusema hata sisi tunapima kitu. Wakaangalia upepo wa siku zilizopita, ulikuwa umetoka kusini mashariki, upande wa Muungano wa Sovieti. Jioni hiyo hiyo Moscow ikakubali kwamba kuna ajali Chernobyl, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka pale, na ilikuwa imetokea tarehe 26. Kinachonigusa kwa hii hadithi si mionzi, ni kwamba wale watu walijishuku wenyewe kwanza. Mimi sikuwa nimejishuku hata dakika moja.

Turudi Mamboleo. Kitu cha pili kilichoniaibisha ni kwamba nilikuwa nachanganya masizi na moshi. Vile vijiti vyeusi ni majani ya miwa yaliyoungua, ni vipande vikubwa vya kuonekana kwa macho, vinarushwa na joto la moto halafu vinaanguka si mbali sana. Kwa hivyo hamna haja ya kutafuta Bahari ya Hindi. Chembe za moshi wenyewe ni kitu kingine, zile wanaziita PM2.5 ni ndogo kuliko mikroni 2.5, unywele wa mtu ni mnene mara ishirini hivi au zaidi, na chembe kama hizo zinaweza kukaa hewani siku kadhaa na kusafiri mamia ya kilomita, hata maelfu. Nikamwambia Mama afunge kipande cha leso kwa kamba, na kila masizi yakianguka aangalie kitambaa kinaelekea wapi, aandike saa. Wiki tatu. Masizi yote yalianguka asubuhi mpaka karibu na saa sita, kitambaa kikielekea mjini, maana yake upepo wa mashariki. Basi masizi ni miwa, na hapo wala sikuhitaji Marekani.

Lakini harufu haikuja asubuhi. Ilikuja kuanzia saa nane na nusu, saa tisa, na saa hiyo kitambaa kilikuwa kimegeuka kinaelekea Nandi. Upepo ulikuwa unatoka ziwani. Ziwani! Kule hakuna miwa, hakuna bomba la kiwanda, kuna maji na gugumaji na mashua. Na HYSPLIT ukiiuliza saa tisa hiyo hiyo inang'ang'ania kwamba hewa imetoka mashariki.

Hii ilinisumbua wiki nzima mpaka nilipoangalia data niliyokuwa nachagua kwenye ile fomu. Nilikuwa natumia ile ya digrii moja. Digrii moja huku kwetu ni kilomita 111. Kiboksi kimoja cha upana huo kinaanza Kisumu kinafika karibu na Molo! Ndani yake weka ghuba, uwanda wa Kano, ukuta wa Nandi, vilima vya chai vya Kericho, vyote visawazishwe viwe kitu kimoja chenye upepo mmoja. Hata ile data nzuri ya robo digrii ni karibu kilomita 28, bado ni pana kwa kazi hii. Upepo wa ziwa unaoingia alasiri na kuishia milimani, hiyo programu inaweza isiuone kabisa. Si kwamba inadanganya, inaangalia kutoka mbali sana. Ni nzuri kukwambia kwamba ukungu wa Januari unaweza kuwa na moshi wa nyika zinazochomwa Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda, ama kwamba Julai na Agosti savana za kusini zinawaka. Mambo ya kati ya nyumba yetu na ufuo si yake. Na zile ramani za NASA za moto, vile vidoti vyekundu, nazo zina mipaka yake, setilaiti inapita mara chache kwa siku, mawingu yakiwepo haioni, na moto wa shamba ukiwaka na kuzima katikati ya zamu umepona. Jiko la makaa ndio haitaliona kamwe.

Kwa hivyo nikaenda kwa mtu anayeangalia kutoka karibu. Mjomba wangu amevua samaki ufuoni Dunga tangu kabla sijazaliwa, kwanza na tanga, sai na injini. Nikamuuliza upepo wa usiku unaenda wapi. Akaniangalia kama mtoto. "Usiku upepo unatoka nchi kavu unaingia ziwani. Alfajiri unakusukuma kwenda, mchana unakurudisha nyumbani. Wewe ulidhani tulikuwa tunapiga kasia mpaka huko?"

Na hii mimi naifundisha! Kila mwaka nachora ubaoni, mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hewa inapanda, ya ziwani inaingia kujaza nafasi, usiku kinyume. Nachora mishale, watoto wananakili, natoa maswali. Sijawahi hata siku moja kuusimamisha huo mchoro Mamboleo.

Nikamuuliza tena mjomba, na moshi wa mji usiku? Akasema alfajiri ukiwa ndani ya ghuba ukitazama nyuma unaona umekuja nao, umelala juu ya maji kama blanketi. Siku nyingine unanusa chapati.

Rafiki yangu mmoja alikuwa na sensa ndogo ya kupima chembe, zile za bei nafuu zenye mwanga wa leza ndani, akaniazima. Si kifaa cha maabara, na hasa karibu na ziwa unyevu wa alfajiri unafanya chembe zinyonye maji zivimbe na sensa inasoma juu kuliko ukweli, kwa hivyo namba zenyewe sizitaji. Lakini umbo la siku lilikuwa lilelile kila mara. Inapanda saa moja jioni mpaka saa nne usiku, wakati mji mzima unapika. Inapanda tena saa kumi na moja alfajiri. Inashuka jua likipanda. Halafu alasiri, leso ikigeuka, kuna kinundu kidogo, kifupi, kinachokuja na upepo wa ziwa. Shirika la Afya Duniani tangu 2021 linasema wastani wa siku usizidi mikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo, na wa mwaka usizidi 5. Sisi jioni moja tu ya kuni na makaa tunaimaliza hiyo bajeti na kukopa ya kesho.

Jumamosi moja nikapanda boda mpaka Riat kabla jua halijatoka. Kutoka pale juu mji unauona wote. Kulikuwa na utando wa rangi ya chai ya maziwa juu ya mabati, tambarare kabisa kama umekatwa na rula, kwa sababu usiku hewa ya chini inapoa na kukaa chini, na ya juu yenye joto zaidi inaifunika kama kifuniko cha sufuria. Na utando haukuwa umesimama. Polepole sana ulikuwa unateleza kuelekea ghuba, ule wa Manyatta, wa Obunga, wa Kano huko, na ndani yake bila shaka na moshi wa miwa ya jana pia, sitawaachilia. Kufika saa tatu ulikuwa juu ya maji. Nikakaa mpaka saa tisa, nikala mahindi choma mawili, ndio, najua na yenyewe ni moshi. Upepo ukageuka. Ile rangi ikaanza kurudi.

Kusema nimethibitisha kama wale wa Gosan, hapana, nina leso, sensa ya kuazima na mjomba. Lakini nilikuwa nimeshajua, na nilikuwa nimejua pia jambo ambalo sikutaka kumwambia Mama. Mashuka ya gesti lazima yachemshwe. Anawasha moto wa kuni nyuma ya nyumba saa kumi na moja alfajiri, mafiga matatu, sufuria kubwa ile ya matanga. Ile saa hasa.

Nikamwambia jioni, tukiwa tunachambua mboga. Nilizunguka sana, nikaanza na Uswidi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo moshi wangu unaenda kuogelea halafu unarudi nyumbani?"

"Wako na wa kila mtu, Mama."

Akacheka mpaka akaweka kisu chini. Halafu akauliza swali la mtu wa kazi: asubuhi kuna masizi, alasiri kuna moshi, sasa yeye aanike saa ngapi?

Sikuwa na jibu, alilipata mwenyewe. Siku hizi akitoka nje kitu cha kwanza anatazama mashariki, kama kuna nguzo ya moshi upande wa Miwani haaniki, anaacha mashuka kwenye karai. Kama hakuna, yanapanda kwa kamba saa mbili unusu, na jua la Kisumu halina mchezo, kufika saa saba yamekauka kau. Leso bado iko pale imepauka. Saa nane ikianza kulegea, kabla haijageuka, utamsikia anaita watoto wa jirani waje wamsaidie kuanua.